Toluini karakanani: jinsi ya kuinunua, kuimimina, kuitumia na kuitunza

Fundi wa fanicha anayepiga vanishi, fundi rangi wa magari na fundi viatu anayepaka gundi kwenye soli wote hushika kila siku kiyeyushi kimoja ambacho huenda hawajawahi kukitaja kwa jina lake. Dukani huuzwa kikiwa ndani ya thina au ndani ya kopo la gundi, na jina lenyewe, toluini, huonekana kwa maandishi madogo pembeni mwa lebo, kama linaonekana kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekinunua kwa dumu au kwa pipa, kiwe peke yake au kimechanganywa. Umejengwa juu ya jambo moja ambalo karakana nyingi hulisahau: kimiminika chenyewe unakiona na utakifuta kikimwagika, lakini kinachounguza karakana na kuharibu vichwa vya mafundi ni mvuke, na mvuke hauonekani.

Toluini ni haidrokaboni yenye kaboni 7 na haidrojeni 8 katika kila molekuli, yaani pete ya benzini iliyobebeshwa kikundi kimoja cha methili. (Benzini inayotajwa hapa ni kemikali yenye jina hilo, si petroli, ingawa wako wanaoiita petroli hivyo.) Haina rangi, harufu yake ni tamu na kali kwa pamoja, huchemka kwenye nyuzi 110.6 za Selsiasi na haigandi mpaka ifike nyuzi 95 chini ya sifuri. Lita moja ina uzito wa gramu 867 hivi, kwa hiyo huelea juu ya maji. Haichanganyiki nayo pia, kwani lita ya maji huyeyusha takriban nusu gramu tu. Mafuta, mpira, lami, resini na gundi nyingi huiachia njia bila ubishi, na hiyo ndiyo sababu ya kuipenda.

Jina lake limetoka mbali. Katika pwani ya Karibi ya Kolombia kuna mji wa Tolú, ambako utomvu wenye manukato wa mti fulani ulisafirishwa kwenda Ulaya kama dawa. Mwaka 1841 mkemia Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville aliupika utomvu huo na kupata kimiminika hiki. Leo hakuna anayegema miti. Toluini hutengenezwa katika viwanda vya kusafishia mafuta, ambako nafta, sehemu nyepesi ya mafuta ghafi, hupitishwa juu ya kichocheo chenye platini kwenye joto la karibu nyuzi 500, na molekuli zake hujipanga upya kuwa pete. Kinachotoka ni mchanganyiko wa benzini, toluini na zailini, nazo hutenganishwa kwa kuchemshwa na kupozwa kwa zamu, kwa kuwa benzini huchemka kwenye nyuzi 80, toluini kwenye 110 na zailini kwenye 138 hadi 144. Kiasi kingine hupatikana kama mazao ya pembeni kwenye mitambo ya kutengeneza ethilini na kwenye matanuri ya kuoka makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya toluini duniani haifiki hata kwenye rangi: hugeuzwa kuwa benzini na zailini, huongezwa kwenye petroli ili injini isigonge, hugeuzwa kuwa baruti ya TNT, au hutengenezewa kemikali ya TDI ambayo ndiyo mama wa sponji la godoro unalolalia.

Kununua

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji lihusu jina kabla ya bei. Neno «thina» halisemi chochote kuhusu kilichomo, kwani thina ya vanishi ya kupuliza, thina ya rangi ya mafuta na thina ya kusafishia brashi ni michanganyiko mitatu tofauti. Omba karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali. Karatasi hiyo ina sehemu 16, na muuzaji halali anatakiwa awe nayo. Tafuta humo namba 108-88-3, ambayo ni namba ya utambulisho wa toluini duniani kote, na kwenye pipa lenyewe tafuta namba 1294 ya Umoja wa Mataifa pamoja na alama nyekundu ya mwali wa moto. Tanzania, biashara ya kemikali za aina hii inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003 inayohusu kemikali za viwandani na majumbani, kwa hiyo msambazaji anayekuuzia mapipa bila usajili anakuuzia pia matatizo yake.

Angalia vilevile kiasi cha benzini kilichobaki ndani. Toluini safi haijathibitika kusababisha saratani, lakini benzini imethibitika kuwa chanzo cha saratani ya damu, na bidhaa ya daraja la chini inaweza kuja na benzini ambayo haikutenganishwa vizuri. Bei ikishuka ghafla na karatasi haipo, mimi ningeacha.

Usinunue kiyeyushi hiki kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ndiyo desturi iliyoenea kuliko zote: nusu lita kwenye chupa ya plastiki, kifuniko cha bluu, rangi ileile ya maji. Mtoto hatasoma lebo ambayo haipo.

Mvuke hukaa wapi

Mvuke wa toluini ni mzito mara 3 kuliko hewa. Ukifungua kopo juu ya meza, mvuke hauelekei darini. Hushuka kando ya meza, hutambaa sakafuni, huingia kwenye mtaro, hupita chini ya mlango na kutoka nje. Ukikuta huko jiko la mkaa la mama lishe, unaweza kushika moto na kuurudisha moto huo mpaka kwenye kopo. Toluini hutoa mvuke wa kutosha kuwaka kuanzia nyuzi 4 za Selsiasi, baridi ya ndani ya friji. Hakuna siku Dar es Salaam, Mombasa, Kampala wala Arusha mchana ambapo toluini imepoa kiasi cha kuwa salama.

Kuna jambo moja ambalo hata wazoefu wa petroli hukosea. Ndani ya tangi la petroli lililofungwa mvuke huwa mwingi mno, hewa haitoshi, na kwa kawaida cheche haiwashi ndani. Mtu aliyezoea hivyo hudhani pipa la toluini ni vilevile, na sivyo. Mvuke wa toluini huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.1 na 7.1 ya hewa, na kwenye joto la nyuzi 28 hadi 32 nafasi iliyo juu ya kimiminika ndani ya pipa hushiba mvuke wa asilimia 4 hadi 5 hivi. Kiwango hicho kiko katikati kabisa ya eneo la mlipuko. Pipa lako la nusu, lililokaa kimya kwenye kona, lina ndani yake mchanganyiko uliokamilika ambao umekosa cheche tu.

Kwa upande wa pumzi, hesabu ni ya kutisha zaidi. Chukua chumba cha meta 4 kwa 3 chenye dari ya meta 2.5. Mililita 13 za toluini, ambazo hazijazi kijiko cha chakula, zikigeuka mvuke wote ndani ya chumba hicho kilichofungwa, hewa hufikia sehemu 100 katika milioni, ambazo ni kikomo kinachoshauriwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa wastani wa zamu nzima. Shirika la ACGIH la hukohuko limeshusha kikomo chake hadi sehemu 20, yaani nusu kijiko cha chai. Mililita 64, robo ya kikombe, hufikisha sehemu 500, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo kwa uhai au afya. Lita moja na nusu hukipeleka chumba chote kwenye mlipuko. Sasa fikiria fundi anayepuliza lita mbili za vanishi iliyozimuliwa kwenye kabati, mlango umefungwa.

Anafunga mlango kwa sababu ya maana: vumbi. Kazi iliyopulizwa ikidondokewa na vumbi la msasa lazima irudiwe. Hapa ndipo ushauri wa «fungua madirisha» unaposhindwa, kwa kuwa unampa fundi chaguo kati ya mapafu yake na mteja wake. Njia inayowezekana ni kufagia na kupangusa tangu jana yake, kumwagia sakafu maji kidogo nusu saa kabla ya kupuliza ili vumbi lililobaki lishikwe, kisha kuacha mlango wazi upande upepo unakotoka na kutoboa matundu ya kutolea hewa upande wa pili, karibu na sakafu. Feni ya kawaida ya mezani isiwekwe kwenye tundu hilo la kutolea, kwani mota yake hutoa cheche palepale mvuke unapopita. Iweke upande wa kuingizia hewa safi, isukume. Kompresa nayo ikae nje, na bomba refu liingie ndani.

Usitegemee pua. Harufu ya toluini husikika ikiwa hata sehemu chache tu katika milioni, kwa hiyo mgeni akiingia karakanani hukunja uso mara moja, wakati fundi aliyekaa humo tangu asubuhi anaapa kwamba hakuna harufu. Pua huchoka ndani ya dakika chache. Ukitaka kujua hali ya hewa, muulize anayeingia.

Kumimina

Toluini haipitishi umeme, na hilo ndilo tatizo. Inapotiririka kwenye bomba au kuporomoka kwenye dumu hujichaji kwa umemetuli, kama nywele zinavyofanya kwa kitana, na chaji haina njia ya kuondoka. Cheche inayohitajika kuwasha mvuke wake ni ndogo kuliko ile unayoisikia ukivua fulana ya nailoni wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo mimina kutoka chuma kwenda chuma. Kabla hujafungua chochote, chukua waya wa shaba wenye kibanio kila ncha, banisha ncha moja kwenye pipa na nyingine kwenye kopo unalomiminia, na uhakikishe vibanio vinagusa chuma kitupu, si rangi. Pipa lenyewe liunganishwe na nondo ya ethi iliyochimbiwa ardhini. Tumia faneli ya bati yenye mkia mrefu unaofika karibu na kitako cha kopo, maana kimiminika kinachoanguka kutoka juu na kurusha matone hujichaji zaidi. Anza polepole sana mpaka mkia wa faneli uzame, kisha ndipo uongeze mwendo. Ukimaliza, subiri dakika moja kabla ya kuondoa waya. Dumu la plastiki halisaidiki kwa waya wowote, kwa kuwa chaji imekaa juu ya plastiki yenyewe. Tena toluini huipenya na kuilainisha plastiki kidogo kidogo, na dumu lililoachwa juani utaliona limevimba tumbo. Nimewahi kufungua moja lililopigwa na jua la saa saba: lilipumua usoni kwangu kwa sauti, na sikuweza kusoma sawasawa kwa saa nzima.

Kutumia

Kwa gundi ya viatu na sponji, kwa rangi ya mafuta, kwa mpira na kwa kufuta lami, toluini peke yake inatosha. Hukauka kwa mwendo wa kati, polepole kuliko asetoni na haraka kuliko zailini. Kwa vanishi ya selulosi inayopulizwa kwenye fanicha hali ni nyingine, na hapa fedha nyingi hupotea bure: toluini haiyeyushi selulosi hiyo, inaizimua tu baada ya kuwa imeyeyushwa na viyeyushi vingine kama asetati ya butili. Anayeongeza toluini tupu kwenye ndoo ili kubana matumizi hufika mahali vanishi inakatika, inakuwa na madonge au inakauka ikiwa na weupe kama maziwa. Ongeza kwa kiasi kidogo, koroga, pulizia kipande cha mbao kisicho na kazi, ndipo uendelee. Wakati wa masika weupe hutokea hata mchanganyiko ukiwa sahihi, kwa sababu kiyeyushi kinachokauka haraka hupoza uso wa mbao na unyevu wa hewa kuganda juu yake. Dawa yake ni kutumia kiyeyushi cha polepole zaidi au kungoja jua. Kuleta jiko la mkaa karibu na kabati, kama nilivyoona kukifanyika, ni jambo la kupigiwa kelele.

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali au ya vumbi haizuii mvuke hata chembe. Kinachofaa ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya kaboni vya mvuke wa kemikali za kikaboni, ambavyo kwa utaratibu wa Ulaya huwa na ukanda wa kahawia na kwa ule wa Marekani ukanda mweusi, pamoja na kizuizi cha matone ya rangi kwa mbele. Kinyago hakibani juu ya ndevu. Kazi ikiisha, kifungie kwenye kopo lenye mfuniko, kwani kikiachwa kimening'inia ukutani kitaendelea kunyonya mvuke usiku kucha na asubuhi kitakuwa kimekwisha. Ikiwa rangi ya gari ina hadina, yaani kigumishi, yenye kemikali za isosayaneti, kinyago hiki hakitoshi, na kunahitajika hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje.

Glavu za mpira wa kawaida huachia toluini haraka mno. Za naitraili huhimili matone ya bahati mbaya, nazo zibadilishwe mara zikilowa. Mafundi wengi humaliza siku kwa kunawa mikono kwa thina. Rangi hutoka kweli, lakini na mafuta ya ngozi hutoka pia, ngozi inabaki nyeupe na kupasuka, na kiasi cha kiyeyushi hupenya mwilini. Mafuta ya kupikia na sabuni ya kipande hutoa rangi ileile, taratibu kidogo.

Mwili ukishapata

Dalili za mwanzo zinafanana na pombe: kichwa chepesi, maneno yanayoburuta, kichefuchefu, usingizi. Mtu mwenye dalili hizo atolewe nje kwenye hewa safi, nguo zilizolowa zivuliwe, na asirudi siku hiyo. Asinywe pombe jioni, kwani pombe hulichelewesha ini katika kuivunja toluini na hivyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Miaka ya kuivuta hupunguza kumbukumbu na umakini, na huharibu usikivu, hasa pale kelele za kompresa na gurainda zinapoungana nayo. Mjamzito hapaswi kufanya kazi kwenye mvuke huu, kwa kuwa unaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kuhusu maziwa. Imani kwamba fundi akinywa pakiti ya maziwa baada ya kupuliza rangi, sumu hutoka mwilini, imeenea mno, na waajiri wengine huyanunua kwa nia njema. Maziwa huingia tumboni, mvuke uliingia kwenye mapafu, haviwezi kukutana. Ni chakula kizuri, na bei yake ya mwezi ingeanza kulipia vichujio. Kwa aliyemeza kimiminika, maziwa na kutapishwa vyote ni hatari: toluini ni nyepesi na hutelezea kirahisi kwenye njia ya hewa mtu anapotapika, na kiasi kidogo kikifika kwenye mapafu huleta kichomi kinachoweza kuua. Asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe au karatasi yake.

Watoto wa mitaani wanaovuta gundi kwenye chupa, Nairobi na miji mingine, wanavuta kitu hikihiki. Mvuke mwingi huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka, na mtu aliye katikati ya kuvuta akikimbizwa au kutishwa anaweza kuanguka na kufa papo hapo. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo karibu na duka lako, usimfukuze mbio. Ongea naye kwa utulivu, mketishe penye hewa, na gundi yako uifungie kwa kufuli.

Kutunza na kutupa

Mapipa yakae kivulini, chini ya paa, penye matundu ya hewa karibu na sakafu, mbali na swichi, chaja ya betri na chochote chenye asidi ya nitriki. Ndani ya karakana pawepo kiasi cha kazi ya siku moja tu. Moto ukitokea, tumia unga mkavu, povu au kaboni dayoksaidi. Maji yataubeba moto na kuutandaza, kwa kuwa toluini huelea juu yake. Ndoo ya mchanga mlangoni inafaa kwa moto mdogo na kwa kunyonya kilichomwagika. Matambara yaliyolowa yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, na yaliyofutia vanishi ya mafuta yaloweshwe maji kwanza kwa sababu hayo hujipasha joto yenyewe. Masalio yasimwagwe mtaroni. Yaache yatulie kwenye kopo lililofungwa, rangi itazama, na kiyeyushi kilicho juu kitafaa kwa kusafishia brashi; tope linalobaki lirudishwe kwa msambazaji au kwa kampuni yenye kibali cha taka za kemikali.

Limebaki pipa tupu, ambalo huku kwetu halitupwi. Litakatwa liwe jiko la kuchomea nyama, geti, au chombo cha kuvunia maji ya mvua. Pipa la lita 200 huhitaji mililita 9 au 10 tu za toluini, vijiko viwili vya chai vilivyoganda kwenye mkunjo wa kitako, ili hewa yote ya ndani ifikie kiwango cha kulipuka, na mchomeleaji anayeligusa kwa gesi au gurainda huwa amesimama juu yake. Kulifungua kizibo na kuliacha wiki nzima juani hakutoshi, maana mvuke mzito hautoki kwa kupitia tundu la juu. Lirudishe kwa muuzaji. Kwa maji ya kunywa lisitumike kamwe, na likiwa tayari limefika kwa mchomeleaji, mwambie lilikuwa na nini.